Wamevuka Bahari Kuulizwa "Wewe ni wa Nani?"

Miezi michache iliyopita nilipata kazi ya mtandaoni ya kuandika maneno yanayosemwa kwenye video. Si unazijua hizi kazi. Unalipwa kwa dakika, unaweka waya masikioni usiku mtaa ukiwa umetulia, unaandika hadi vidole vinakataa. Mara nyingi huwa ni mkutano wa wauza bima, ama daktari anaeleza habari za magoti. Safari hii nililetewa zaidi ya saa sita za wazungu waliopanda basi kwenda kutazama magofu.

Nilicheka, nisikudanganye. Watu wazima, wengine wamepita miaka 80, wametoka Boston, Toronto na Melbourne, wamevaa fulana zinazofanana, halafu wanashushwa kwenye mvua kutazama ukuta usio na paa. Mmoja analia. Analia kabisa, na mimi niko Umoja naandika "analia" kwenye mabano kwa sababu ndiyo sheria ya kazi.

Kufikia saa ya tatu nilikuwa sicheki tena. Kufikia saa ya sita nilikuwa na wivu, na pia hasira kidogo, na ni hivi vitu viwili nataka tuongee.

Kwanza ujue hii ni nini. Koo za Ireland zina vyama, na vyama hivyo huitisha mikutano. Watu wenye jina moja la ukoo, popote walipo duniani, wanarudi kwenye kaunti ambayo jina hilo lilitoka. Wanakula, wanaimba, wengine huchagua hata kiongozi wa ukoo, na siku moja au mbili wanakodi basi kuzunguka sehemu za kihistoria. Hawa wangu walikuwa tawi moja la O'Malley, ukoo wa kaunti ya Mayo huko magharibi, ambao umekuwa ukikutana hivi tangu miaka ya 1950. Familia yenyewe siitaji. Akina O'Malley ni maelfu kwa maelfu, kwa hivyo hutajua ni wepi, na mkataba wa kazi hauniruhusu kusema zaidi.

Hiyo "O" iliyo mbele ya jina nilikuwa nadhani ni pambo tu. Kumbe ni neno. Maana yake ni mjukuu, ama mzao wa fulani. "Mac" ni mwana wa. Mwanamke kwa lugha yao ya Kiairishi hatumii "O", anatumia "Ní". Sasa mfikirie Brother Colm O'Connell, yule mmishonari kutoka Cork aliyefika Iten mwaka 1976 kufundisha St Patrick's na akaishia kumnoa David Rudisha. Jina lake linasema "mzao wa Conall". Yaani amekaa miaka yote hiyo katikati ya akina arap Fulani, na yeye mwenyewe ni arap Fulani. Waingereza walipotawala Ireland, familia nyingi ziliacha hiyo "O" na hiyo "Mac", jina likabaki limekatwa kichwa, na ni mwishoni mwa karne ya 19 ndipo wengi walianza kuirudisha. Hapo mimi nilisimamisha video nikaenda kutengeneza chai.

Basi la akina O'Malley lilianzia Rockfleet, karibu na mji wa Newport. Ni mnara wa mawe wa orofa nne, uko peke yake ukingoni mwa maji ya bahari, na kama huna habari zake utapita ukidhani ni ghala. Hapo aliishi Gráinne Ní Mháille, ambaye Waingereza walimwita Grace O'Malley na watu wa kwao wanamwita Granuaile. Alizaliwa kama mwaka 1530 kwenye ukoo wa mabaharia, akawa na meli zake na wanaume zaidi ya mia wanaomtii, akawa anatoza ushuru meli zinazopita pwani ya magharibi, na ukikataa anachukua mwenyewe. Kwa lugha ya serikali alikuwa haramia. Kwa lugha ya basi lile alikuwa shosho.

Mwongozaji, jamaa mwenye lafudhi nzito hadi nilirudisha nyuma mara tano kwa sentensi moja, alisimulia habari za ndoa yake ya pili. Alimtaka Richard Burke, mwenye ule mnara. Simulizi inasema walikubaliana mwaka mmoja wa majaribio, kwani sheria za kale za Ireland ziliruhusu talaka. Mwaka ulipoisha Granuaile akajifungia ndani ya mnara na watu wake, akamwona mume anarudi, akamwambia kutoka juu dirishani kwamba ameachwa. Mnara ukabaki wake. Kina mama kwenye basi walipiga makofi hadi kipimo cha sauti kikagonga nyekundu. Kama ni kweli ama ni chumvi sijui, lakini inaonekana baadaye walirudiana, mambo ya watu hayo.

Ambalo si chumvi ni la mwaka 1593. Gavana Mwingereza wa jimbo la Connacht, Richard Bingham, alikuwa amemkamata mwanawe na nduguye. Granuaile, mama wa miaka 60 na zaidi, akapanda meli hadi London, akakutana na Malkia Elizabeth wa Kwanza uso kwa uso huko Greenwich, na mwanawe akaachiliwa. Hebu fikiria. Mwanamke ambaye serikali ina faili lake la kesi anaenda ikulu mwenyewe kudai mtoto. Nchini Kenya tunao kina mama waliofanya kitu kinachokaribia hapo, waliokaa Uhuru Park mwaka 1992 wakidai wana wao waliofungwa kwa siasa, na wengi wetu hatuwezi kutaja watatu kati yao kwa majina.

Kutoka hapo sauti ndani ya basi ilibadilika. Walifika Murrisk, chini ya mlima Croagh Patrick wenye mita 764, ule ambao mahujaji huupanda Jumapili ya mwisho ya Julai, wengine miguu mitupu. Upande mmoja wa barabara kuna magofu ya nyumba ya watawa iliyoanzishwa mwaka 1457 kwenye ardhi ya akina O'Malley. Upande wa pili kuna meli ya shaba. Kwa mbali ni meli ya kawaida. Ukisogea unaona kwamba kamba zake ni mifupa ya watu, viunzi vinavyoelea kati ya milingoti. Ni kazi ya msanii John Behan, na Rais Mary Robinson ndiye aliyeizindua mwaka 1997, kumbukumbu ya kitaifa ya Njaa Kuu.

Hii njaa inakuhusu kuliko unavyofikiri, hasa kama umewahi kula chipo za Nairobi. Ugonjwa uliooza viazi vya Ireland kuanzia 1845 ni uleule ambao wakulima wa Nyandarua na Molo wanaupulizia dawa hadi leo mvua ikizidi. Shida ni kwamba maskini wa Ireland walikuwa wanategemea kiazi karibu peke yake, kwa sababu ardhi nzuri ilikuwa ya makabaila na mazao mengine yalikuwa ya kulipia kodi ya shamba. Watu wakifa, vyakula vingine viliendelea kupakiwa melini kwenda Uingereza. Kufikia 1852 karibu watu milioni moja walikuwa wamekufa, na wengine milioni moja na zaidi wamepanda meli, nyingi zikiwa mbovu hadi zikapewa jina la meli za majeneza. Mwaka 1841 kisiwa chote kilikuwa na watu zaidi ya milioni nane. Leo, ukijumlisha Jamhuri na Ireland ya Kaskazini, ni kama milioni saba tu. Sasa unaelewa kwa nini watu wa Boston wanalia kwenye mvua. Hawalilii ukuta.

Mahali palipofuata ni bonde la Doolough. Mwongozaji hakufanya mzaha hata mmoja. Machi 1849, mamia ya watu wenye njaa walikusanyika mji wa Louisburgh wakisubiri kukaguliwa ili waendelee kupewa msaada. Wakaambiwa wakaguzi watawaonea kwenye nyumba ya uwindaji huko Delphi, mwendo wa kilomita kama 19, kwa miguu, kwenye baridi. Wakatembea. Walipofika waliambiwa wasubiri, halafu wakarudishwa mikono mitupu. Wengi walifia njiani wakirudi, na hadi leo hawakubaliani ni wangapi. Pana msalaba wa mawe kando ya barabara, na kila mwaka watu huitembea njia hiyo. Desmond Tutu aliwahi kuja kutembea nao.

Kwa dakika nne nzima hakuna mtu aliyesema kitu. Kwa kazi yangu hiyo ni hasara, sheria inasema kimya kirefu hakilipiwi. Niliandika "upepo".

Halafu kisiwani. Kutoka gati la Roonagh unachukua mashua hadi Clare Island, ambako ukoo ulikuwa na ngome bandarini na kanisa dogo lenye michoro ya zamani darini: mtu anapiga kinubi, wapanda farasi, majoka. Ukutani kuna jiwe lenye ngao ya O'Malley, nguruwe mwitu juu na maneno ya Kilatini yanayosema wana nguvu nchi kavu na baharini. Wenyeji wanasema Granuaile amezikwa humo. Lakini walichokipiga picha sana si kanisa. Ni vilima. Vilima vya kisiwa vina mistari, kama mtu amevichana kwa kitana, na hiyo mistari ni matuta ya viazi ya watu wa wakati ule. Nyasi zimeota juu, matuta yamebaki. Kisiwa kilikuwa na watu zaidi ya 1,600 mwaka 1841. Leo hawafiki 200.

Kwenye ukumbi waliponywea chai kuna mama mmoja wa kisiwani, mzee, sauti kama ya kuchana karatasi. Anamfuata kijana mmoja Mmarekani anayeonekana ni rika letu na anamuuliza: wewe ni wa nani? Kijana anajibu anatoka Chicago. Mama anamwambia sijakuuliza unatoka wapi, nimekuuliza wewe ni wa nani. Kijana anataja baba. Mama anangoja. Anataja babu. Mama anangoja. Anataja baba wa babu, na kijiji ambacho ameshindwa kukitamka. Mama anakitamka vizuri na kusema, "Aa, wale wa upande wa machweo." Basi. Kijana hakusema lingine hadi kamera ikaondoka.

Wivu wangu ulianzia hapo, kwa sababu mimi hilo swali nalikimbia. Tukiitwa mkutano wa familia ushago naambia mathe nina kazi. Ukweli ni kwamba niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa na mimi pia nikakataa, na tangu hapo kila anko ananiuliza swali moja: utamaliza lini? Najua wewe pia una swali lako unalolikwepa. Utaoa lini, umepata kazi, gari liko wapi, mbona umenenepa. Kwa hivyo hatuendi. Tunakutana kwenye matanga tu, na hata hapo mchango tumeutuma kwa paybill na tunafika wakati jeneza linateremshwa, tunapiga picha na binamu tusiowajua majina, tunarudi Nairobi kabla ya giza.

Na usidhani wale wa basi wana kitu ambacho sisi hatuna. Ni kinyume. Tarehe 30 Juni 1922, wakati wa vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, jengo la kumbukumbu za taifa huko Dublin liliteketea. Rekodi za sensa ya watu za 1821 hadi 1851 karibu zote zikawa majivu. Za miaka iliyofuata serikali ilikuwa tayari imeziharibu yenyewe. Sensa ya zamani zaidi iliyobaki nzima ni ya 1901, kisha 1911, na zote mbili ziko mtandaoni bure. Nilizifungua usiku mmoja, udaku tu. Kila nyumba ina fomu yake: jina, umri, dini, lugha, na safu moja inayosema kama mtu anajua kusoma na kuandika. Nyumba kwa nyumba huko Mayo unakuta wazee ambao hawakujua, wameweka alama ya X mahali pa sahihi. Leo watoto wa watoto wao wanatoka Australia kuja kuitazama hiyo X. Hakuna anayemuuliza marehemu alimaliza lini.

Kuvuka nyuma ya 1901 ni vita. Unahitaji vitabu vya ubatizo, orodha za wakodi wa mashamba, na bahati. Watu wanatumia miaka yao ya kustaafu kutafuta jina moja. Shosho yangu anakumbuka majina ya vizazi vitano bila kukuna kichwa, na mara ya mwisho nilipokuwa kwake nilikuwa natafuta mahali simu inashika netiweki.

Wivu umeisha, tuje kwa hasira.

Ukoo unauzwa, ndugu yangu. Mwaka 2013 serikali ya Ireland, uchumi ukiwa umelala, ilianzisha kampeni iliyoitwa The Gathering, ikiwaomba wenye damu ya Kiairishi duniani kote warudi nyumbani kutembea. Kulikuwa na mikusanyiko karibu 5,000 mwaka huo, mingi ya familia na koo. Mwigizaji Gabriel Byrne, ambaye alikuwa ameshawahi kuwa balozi wao wa utamaduni, aliuita mpango huo utapeli, kwamba watu wa nje wanakumbukwa pale mifuko ya nyumbani inapokauka. Alitukanwa sana. Mimi nadhani alikosea nusu. Wale wa basi langu walijua wanalipia kitanda na chakula, na bado yule aliyelia hakulia kwa sababu ya risiti. Lakini nusu aliyopatia ni nzito. Mpaka mwaka 2003 idara ya serikali ilikuwa inawatambua rasmi "machifu" wa koo, ikaacha baada ya kugundulika kwamba mmoja wao maarufu alikuwa amejitungia nasaba na kuuza vyeo. Mtu akiwa na kiu ya kuambiwa ni wa nani, atatokea wa kumuuzia maji ya mfereji kwenye chupa nzuri.

Halafu kuna suala la nani anaalikwa. Mei 2011 Barack Obama alifika Moneygall, kijiji cha barabara moja kaunti ya Offaly, alikotoka Falmouth Kearney, mmoja wa mababu wa upande wa mama yake, aliyehama mwaka 1850 akiwa kijana, mtoto wa fundi viatu. Alikunywa Guinness, akafanya mzaha kuhusu alama iliyopotea kwenye jina O'Bama. Miaka mitatu baadaye pakafunguliwa kituo kikubwa cha mafuta na chakula kando ya barabara kuu, kinaitwa Barack Obama Plaza. Sisi tulimngoja Kogelo mwaka 2015, akaishia kula na jamaa zake hotelini Nairobi, Kogelo akaenda 2018 akiwa si rais tena. Muhammad Ali naye alikaribishwa mji wa Ennis mwaka 2009, kwa sababu baba wa babu yake aliitwa Grady na alitoka huko, na akapewa heshima ya kuwa mtu huru wa mji. Nafurahi kwa wote wawili. Ila najiuliza, mweusi mwenye damu ya Kearney ambaye anaendesha lori Ohio, anajengewa nini kando ya barabara?

Na hili si swali la hewani. Basi lilimalizia Westport House, jumba kubwa lililokuwa la akina Browne hadi 2017, lililojengwa juu ya msingi wa ngome ya O'Malley. Chini bado kuna vyumba vya zamani wanavyoviita gereza, na nje kuna sanamu ya Granuaile. Mmoja wa akina Browne alimwoa kilembwe wa Granuaile, kwa hivyo wenye jumba hao walikuwa damu yake. Damu hiyohiyo, kupitia ndoa nyingine ya karne ya 18, ilipata mashamba ya miwa Jamaika pamoja na watumwa waliokuwa humo. Mwenye jumba wa wakati huo, Markwisi wa Sligo, alipelekwa Jamaika mwaka 1834 kuwa gavana wakati utumwa unavunjwa. Aliwatetea waliokuwa watumwa hadi wenye mashamba wakamchukia, na kijiji cha kwanza cha watu huru kinaitwa Sligoville hadi leo. Yote mawili ni kweli, alirithi watu na akasaidia kuwafungulia. Jamaika imejaa majina ya Kiairishi. Katika saa zangu sita sikusikia mtu wa Jamaika hata mmoja kwenye basi, na mwongozaji alipitia habari za miwa kwa sentensi mbili, akahamia kwenye fanicha.

Lakini kilichonifanya niandike hii makala ni binamu yangu.

Yuko Dublin, analea wazee kwenye nyumba ya wazee. Anawaogesha, anawalisha, anajua nani anapenda chai nzito. Mtoto wake alizaliwa huko kabla hajamaliza miaka mitatu nchini. Sasa sikiliza sheria zinavyoenda. Mtu wa Chicago ambaye nyanya yake alizaliwa Ireland anajaza fomu, anasajiliwa, anapata pasipoti, hata kama hajawahi kukanyaga huko. Mtoto wa binamu yangu, aliyezaliwa hospitali ya Dublin na anayeongea kama dereva wa teksi wa Dublin, hakuzaliwa raia. Zamani angekuwa. Juni 2004 walipiga kura ya maoni, karibu asilimia 79 wakakubali kuiondoa haki hiyo, na tangu Januari 2005 mtoto wa wageni anahesabiwa kwa miaka ambayo mzazi amekaa. Njia ya kuomba uraia baadaye ipo, na binamu yangu anaifuata, fomu baada ya fomu. Si kwamba wamefungiwa. Ni kwamba mmoja anaulizwa "wewe ni wa nani" kwa kikombe cha chai, na mwingine anaulizwa hilohilo dirishani na mtu asiyeinua macho.

Taifa zima la watu waliofukuzwa na njaa, waliopokelewa na nchi za wengine wakiwa na nguo moja. Ningetegemea wawe wa kwanza kuelewa.

Kabla hujanipigia makofi, kumbuka kwetu. Vijana wa Kinubi wa Kibra, Wasomali waliozaliwa Eastleigh, miaka nenda rudi walikuwa wakipelekwa mbele ya wazee kuhojiwa wakitaka kitambulisho, leta cheti cha babu, babu alizikwa wapi. Mimi niliingia nikatoka na karatasi ya kungojea siku hiyohiyo, kwa sababu jina langu lilinijibia. Sikuliona kama upendeleo. Nililiona kama foleni fupi.

Kwa hivyo mimi napenda safari za ukoo, na sitaki kusikia mtu akiziita ujinga wa wazungu wenye pesa. Nataka zifanywe na sisi pia, basi lipite hadi kwenye kaburi ambalo halina jiwe, hata kama ni matatu ya abiria 14 na anko mmoja amelewa. Ninachokataa ni ukoo kugeuzwa mlango wa serikali. Ukoo ukuambie wewe ni wa nani, sawa. Usiambie polisi.

Kazi niliimaliza saa kumi alfajiri nikalipwa wiki iliyofuata. Video siwezi kuitoa, lakini majina ya sehemu hayana mkataba, kwa hivyo nilimwandikia binamu yangu: Murrisk, Doolough, Roonagh, Clare Island. Akaniambia gari la moshi la kwenda Westport ni saa tatu na kitu, na kwa miaka yote aliyokaa hajawahi kulipanda. Kwenye nyumba yao ya wazee kuna mama wa Mayo ambaye humuuliza kila asubuhi yeye ni wa nani, kwa sababu kumbukumbu zimeisha. Mwanzoni alikuwa anamjibu jina la wakala aliyemwajiri. Siku hizi anamtajia baba, babu, na baba wa babu, na yule mama anatikisa kichwa kana kwamba anawajua.

Mwezi wa nane ana siku nne za mapumziko. Ameniuliza kama mashua ya kisiwani inakubali kigari cha mtoto.

Jumapili nilimpigia shosho kuuliza baba wa babu aliitwa nani kabla ya ubatizo. Akaniuliza kwanza kama nimekula.